Susan Geiger na wanawake wa TANU: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Saba Saba na kila tarehe 9 Desemba jina la Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa wanawake wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, hutajwa redioni, na vijana huanza kuuliza: huyu mama alifanya nini hasa, na wenzake walikuwa akina nani? Mengi tunayoweza kuwajibu yametufikia kwa sababu mwanahistoria mmoja, Susan Geiger, alikwenda kuwauliza wanawake hao wangali hai, akaandika walichosema. Hapa nimekusanya maswali ninayokutana nayo zaidi kumhusu yeye na kazi yake.

Susan Geiger alikuwa nani?

Alikuwa mwanahistoria wa Kimarekani, profesa wa masomo ya wanawake katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Shahada yake ya uzamivu, hata hivyo, aliipata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1972, wakati chuo hicho kilikuwa na umri wa miaka miwili tu tangu kijitegemee, na idara yake ya historia ilikuwa ikisikika Afrika nzima. Kitabu kilichompa jina, *TANU Women*, kilitoka mwaka 1997 na kinahusu nafasi ya wanawake katika kujenga utaifa wa Tanganyika kati ya 1955 na 1965. Alifariki mwaka 2001.

Kwa nini anaitwa mwanahistoria wa jamii? Na ufeministi unaingia wapi?

Historia ya jamii ni ile inayoacha ikulu na meza za mazungumzo ikaenda mtaani: watu walikula nini, waliabudu vipi, walioa na kuachana vipi, walipata wapi senti ya kununulia kibaba cha unga, na mambo hayo yalisukuma siasa kwa namna gani. Mhusika wake anaweza kuwa muuza vitumbua.

Ufeministi, yaani mtazamo unaotetea usawa wa wanawake, kwa Geiger hauko katika kuwataja wanawake tu. Mwaka 1990 alichapisha makala yenye swali ambalo watafiti wengi walikuwa wakilikwepa: kuna ufeministi gani katika kukusanya historia simulizi ya wanawake? Jibu lake lilikuwa kali kidogo kwa wenzake. Kumhoji mwanamke peke yake si ufeministi, alisema, kwa sababu unaweza kumhoji kisha ukayapima maisha yake yote kwa kipimo cha wanaume, ukamaliza kwa kusema "alikuwa pembezoni". Kinacholeta tofauti ni lengo la utafiti na namna unavyoyapokea maneno ya msimulizi. Je, unakubali kwamba maisha yake yana uzito yenyewe, na kwamba yeye mwenyewe anayo tafsiri ya maisha hayo inayostahili kusikilizwa? Mtu anayeishi katikati ya mtaa wake, anayejulikana na kila nyumba, yuko pembezoni mwa nini?

Alianza na wanawake tangu mwanzo?

Hapana. Tasnifu yake ya Dar es Salaam, aliyoitia saini kama Susan Geiger Rogers, inahusu siasa za Wachagga kuanzia 1916 hadi 1952. Hiyo ni dunia ya mamangi (machifu wa Kichagga), ya kahawa, ya chama cha wakulima cha miaka ya 1920 na ugomvi wake na serikali ya Mwingereza, hadi kuchaguliwa kwa Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu. Karibu kila anayesema katika nyaraka za namna hiyo ni mwanamume.

Sioni kama miaka hiyo ilipotea. Ilimfundisha nyaraka za mkoloni zinaona nini na hazioni nini. Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, aliandika juu ya watu aliogombana nao kuhusu kodi, ardhi na bei ya kahawa. Wanawake waliokutana uani kwa mwenzao jioni hakuwa na faili lao.

Kitabu chake kinadai nini hasa?

Kwa muda mrefu hadithi ya uhuru wa Tanganyika ilisimuliwa kama maji yanayoshuka mlimani. Juu walikuwepo vijana waliosoma Tabora, Makerere na Ulaya, wakapata fikra za utaifa, fikra hizo zikateremka kwa makarani na walimu, kisha kwa wakulima, na mwisho kabisa zikawafikia wanawake, ambao walipiga vigelegele.

Geiger alisema mwelekeo huo hauelezi kilichotokea. Wanawake wa Dar es Salaam waliojiunga na TANU mwaka 1955 hawakuwa wakingoja kufundishwa kwamba Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi na Mngoni wanaweza kukaa chini ya jina moja. Walikuwa wanaishi hivyo tayari. Walipangisha nyumba moja, walizikana, walialikana maulidi, walicheza ngoma moja na kuzungumza Kiswahili. TANU ilipokuja na maneno ya umoja usiojali kabila, ilikuta watu ambao umoja huo ulikuwa maisha yao ya kila siku. Wanawake walikipa chama kitu ambacho chama hakikuwa nacho, na kwa hiyo wao ni miongoni mwa walioutengeneza utaifa huo.

Hoja ni hiyo moja tu, lakini ukiikubali, inakubidi usome upya kila ulichofundishwa darasani.

Ni kweli TANU haikuwa na wanawake mwanzoni?

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na katika orodha ya waasisi wake hakuna mwanamke. Karibu mwaka mmoja baadaye, 1955, alifika Dar es Salaam John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza. Alipoona umati na viongozi, aliuliza wanawake wa chama wako wapi. Swali la mgeni liliwabana wenyeji, na kutokana na hapo Bibi Titi Mohamed akatafutwa na kuwekwa mbele kama kiongozi wa kitengo cha wanawake.

Wengine huisikia hadithi hii wakadhani Mwingereza ndiye aliyewaingiza wanawake katika siasa. Geiger anaisoma tofauti, nami nakubaliana naye. Hatch aliuliza tu. Kilichofuata kilikuwa kazi ya wanawake wenyewe, na kilikwenda kwa kasi ambayo viongozi wa chama hawakuitegemea: kufikia Oktoba mwaka huohuo, wanawake 5,000 walikuwa wameandikishwa. Watu 5,000 hawapatikani kwa miezi michache katika mji wa wakati ule kwa swali la mgeni. Wanapatikana ikiwa kuna njia zilizokwisha kuchimbwa ambazo ujumbe unaweza kupita.

Njia gani hizo?

Vikundi vya ngoma. Hapa ndipo moyo wa kitabu ulipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Bibi Titi, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, hakuvuka darasa la nne. Alipovunja ungo aliwekwa ndani, akaozwa angali msichana mdogo kwa mwanamume aliyemzidi sana umri. Alipofika miaka ya 1950 alikuwa mtu mzima anayejulikana mjini kwa sauti yake: alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha Bomba. Mji ulikuwa na vikundi vingi vya namna hiyo, vya ngoma za wanawake na vya taarabu, kila kimoja na jina lake, sare zake, mashairi yake na washindani wake.

Mtu wa nje huona burudani. Lakini tazama kikundi kinavyoendeshwa. Kuna mwenyekiti na wasaidizi wake. Kuna mtu wa kushika fedha, kwa sababu michango hukusanywa na lazima ijulikane nani ametoa na nani bado. Mwanachama akifiwa, wenzake hufika na chakula, mikeka na sanda. Akioza binti, watu huambiwa mapema, kanga hununuliwa doti zinazofanana, zamu za jikoni hugawanywa. Taarifa ikitoka kwa mwenyekiti saa nne asubuhi, jioni imefika Kariakoo, Gerezani na Ilala bila karatasi hata moja. Na nyimbo zenyewe! Mshairi hodari huweza kumtukana mpinzani au kumsifu kiongozi ubeti mzima bila kutaja jina, na kila aliyekaa pale akaelewa.

Bibi Titi hakwenda kugonga mlango wa kila nyumba. Aliwaendea viongozi wa vikundi. Kiongozi akikubali, kikundi kizima kimeingia, pamoja na hazina yake, nidhamu yake na mashairi yake. Hata wapinzani wa jukwaani walijikuta katika chama kimoja. Nikisoma sehemu hii huwa najiuliza ni chama gani cha siasa leo kingeweza kujenga mtandao wa namna ile kwa fedha, magari na simu zake zote.

Wanawake hao walikuwa watu wa aina gani?

Geiger alikusanya masimulizi ya wengi, akayaweka pamoja hadi ikapatikana picha ya kizazi. Njia hiyo aliiita wasifu wa pamoja. Wengi wa Dar es Salaam walikuwa Waislamu, watu wazima wa makamo, wenye elimu ndogo ya darasani au wasio nayo kabisa. Wengi walikuwa wameolewa zaidi ya mara moja, wengine wameachika na wanajitegemea. Watoto wao walikuwa wachache au wamekwisha kua. Walikuwa na kipato chao wenyewe, hata kama ni kidogo: maandazi, vitumbua, pombe, samaki, kupangisha chumba.

Mambo hayo, ambayo maofisa wa ustawi wa jamii wa wakati ule waliyahesabu kuwa dalili za maisha yaliyoharibika, ndiyo yaliyowapa nafasi. Mwanamke mwenye senti yake na asiye na mtoto mgongoni anaweza kwenda mkutanoni Mnazi Mmoja bila kuomba nauli. Anaweza pia kusafiri siku tatu kwenda mikoani na kurudi akakuta nyumba imesimama.

Walifanya kazi gani ndani ya chama?

Waliuza kadi, walichangisha, walipika, waliwapokea na kuwalaza wageni wa chama, walitunza siri, walibeba habari, waliimba mikutanoni na kuwavuta watu wajae. Wengine walitoa mapambo yao yauzwe. Bibi Titi alizunguka nchi pamoja na Julius Nyerere, akihutubia umati mkubwa kuliko wowote aliowahi kuuimbia. Aliwaambia wanawake kwamba wao ndio waliowazaa wanaume wote hawa, kwa hiyo nguvu ya dunia iko mikononi mwao na uhuru hauwezi kupatikana wakiwa wamekaa kando.

Ukiandika historia ya chama kwa kuangalia kumbukumbu za vikao, kazi hizi hazionekani, kwa sababu hakuna katibu anayeandika nani alipika. Geiger alikataa kuziita kazi za kusaidia. Chama kisicho na fedha, kinachonyimwa vibali na kufuatiliwa na makachero, kinaishi kwa kazi hizohizo.

Waume zao walisemaje?

Walitofautiana. Wapo waliowaunga mkono, na mume wa Bibi Titi wa wakati huo, Boi Selemani, alikuwa mwanachama kama yeye. Wapo waliokataza, hasa waliokuwa watumishi wa serikali na kuogopa kibarua kisiote nyasi. Basi kadi zilifichwa, na mikutano mingine ilihudhuriwa kwa kisingizio cha kwenda msibani au harusini.

Hali ilikuwa hivyohivyo Moshi na Mwanza?

Hapana, na ni sifa kubwa ya Geiger kwamba hakuichukua Dar es Salaam akaifanya kuwa nchi nzima.

Kilimanjaro aliifahamu tangu enzi za tasnifu yake. Kule siasa za Wachagga zilikuwa na vyombo vyake: mamangi, mabaraza, KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa, na utajiri wa kahawa. Mtu aliyekuwa na kihamba, yaani shamba la ukoo, na Mangi wake hakuona haraka ya kujiunga na chama cha mji wa pwani. Wanawake waliokuwa mstari wa mbele wa TANU walikuwa zaidi wa Moshi mjini, wengi wao Waislamu waliotoka makabila mbalimbali, wanaofanana kwa maisha na wenzao wa Dar es Salaam kuliko na majirani zao wa mlimani.

Mwanza ilikuwa na shida nyingine. Serikali ilizuia TANU kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa tangu mwishoni mwa 1954 hadi 1958. Huko ushirika wa wakulima wa pamba ulikuwa na nguvu, na hasira za wananchi dhidi ya amri za serikali juu ya kilimo na mifugo zilipanda hadi zikalipuka Geita mwaka 1958. Kuwa mwanamke wa TANU Mwanza katika miaka hiyo kulihitaji ujasiri wa aina yake, kwa sababu chama chenyewe kilikuwa kimekatazwa.

Vipi kuhusu wanawake waliosoma?

Walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa walimu au wauguzi wa serikali waliokatazwa kujihusisha na siasa. Tanganyika Council of Women, baraza lililoanzishwa mwaka 1951 na mke wa Gavana Twining akiwa mbele, liliendesha vilabu vya kufundisha kushona, kupika na kutunza nyumba kwa mtindo wa Kizungu. Halikuwa mahali pa kuzungumzia uhuru. Lucy Lameck wa Moshi ndiye mfano unaotajwa zaidi wa njia nyingine: alisomea uuguzi, akaingia TANU, akaenda Chuo cha Ruskin, Oxford, na baadaye akawa mbunge na naibu waziri. Geiger anampa heshima yake, ila hakubali awe kipimo cha wote.

Aliwahojije? Walizungumza kwa lugha gani?

Walizungumza kwa Kiswahili, na Bibi Titi alihojiwa mwaka 1984. Mahojiano mengine, ya Dar es Salaam, Moshi na Mwanza, yaliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Hakuanza na swali la TANU. Anachokiita masimulizi ya maisha huanzia mbali: umezaliwa wapi, nani alikulea, ulicheza ngoma gani, uliolewa lini, uliachana vipi, ulipata riziki kwa njia gani. Mwanamke akiulizwa moja kwa moja "ulijiunga na chama lini na kwa nini", mara nyingi atatoa jibu lile ambalo amelisikia kwenye hotuba, kwamba tulitaka uhuru, tulinyanyaswa. Akianza na nyumba ya utotoni na kundi lake la ngoma, akifika 1955 utaelewa mwenyewe kwa nini aliingia, na kwa nini jirani yake hakuingia.

Katika kitabu, Bibi Titi ana sura ambamo anasikika kwa maneno yake mwenyewe, kurasa kwa kurasa. Wanahistoria wengi wangemkatakata vipande, sentensi hapa na sentensi pale, kupamba hoja zao. Geiger alimwachia jukwaa.

Lakini wazee husahau na huchanganya. Masimulizi kama hayo yanaaminika?

Tarehe zinaweza kuchanganyika, na Geiger alilinganisha alichoambiwa na nyaraka na magazeti palipowezekana. Lakini nyaraka nazo zina wenyewe. Ripoti ya polisi ya 1955 iliandikwa na mtu aliyetaka kumridhisha mkuu wake, na tunaiita ushahidi.

Kuna jambo la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi. Namna mtu anavyokumbuka ni sehemu ya historia. Bibi Titi alisimulia akiwa ameshapanda juu kabisa na kuangushwa chini kabisa. Alichochagua kukiweka mbele, alichokipita haraka, alichokisema kwa uchungu, vyote hivyo vinatueleza jambo ambalo faili haliwezi kulieleza.

Si tatizo kwamba ni Mmarekani aliyeandika historia hii?

Swali ni halali na yeye mwenyewe hakulikwepa. Aliandika waziwazi juu ya tofauti ya nguvu kati ya mwenye kinasa sauti na mwenye kumbukumbu: mmoja ataondoka akawa profesa, mwingine atabaki palepale. Katika Minnesota alikuwa pia katika kikundi cha watafiti kilichotoa mwaka 1989 mkusanyiko wa makala juu ya ufeministi na masimulizi binafsi, na suala hilo la uhusiano kati ya msimulizi na mwandishi ndilo lililokuwa kiini chake.

Upande wangu, naona aibu iko kwetu pia. Wanawake hawa waliishi katikati yetu. Walikuwa bibi zetu na majirani zetu, na vyama, magazeti na vyuo vyetu vilikuwa na miaka 20 na zaidi ya kwenda kuwauliza kabla hajaja. Kazi yake inatuachia deni la kuendelea pale alipoishia.

Baada ya uhuru wanawake hao walipata nini?

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka uliofuata ikaundwa UWT, Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, Bibi Titi akiwa kiongozi wake. Aliingia bungeni, akawa naibu waziri, kisha akapoteza kiti cha Rufiji katika uchaguzi wa 1965. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, lililowakataza viongozi kumiliki nyumba za kupangisha, aliachia nafasi yake ya juu katika chama. Oktoba 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na kuachiwa mwaka 1972. Kwa miaka mingi baada ya hapo jina lake halikutajwa hadharani. Alirudishiwa heshima taratibu, alifariki tarehe 5 Novemba 2000 huko Johannesburg, na leo moja ya barabara kubwa za katikati ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake.

Wenzake wengi hawakupata cheo wala barabara. Serikali mpya ilihitaji watu wa kusoma mafaili na kuandika barua, na wao hawakuwa na vyeti. Makala ya Geiger ya mwaka 1982 kuhusu UWT na mahitaji ya maskini wa vijijini inaonyesha jinsi jumuiya hiyo ilivyogeuka kuwa chombo cha kupeleka maagizo ya chama kwa wanawake, badala ya kupeleka madai ya wanawake kwa chama. Aliiandika miaka 15 kabla ya kitabu. Ukizisoma kazi hizo mbili pamoja, unaona alikuwa akijiuliza nguvu ile ya 1955 ilikwenda wapi.

Kazi yake ina upungufu gani?

Kwanza, wasimulizi wake ni wa mjini. Mwanamke wa kijijini Ufipa au Lindi aliyepata habari za TANU kwa njia yake mwenyewe haonekani sana. Pili, alizungumza na waliokuwa wangali hai, na waliokubali kuzungumza. Waliokichukia chama au waliokiacha mapema hawana nafasi ya kutosha. Tatu, upendo wake kwa wasimulizi unaonekana, na pengine kuna migongano baina yao, ya wivu, fedha na vyeo, ambayo imepita bila kuguswa kwa undani. Yeyote aliyewahi kukaa katika kikundi cha kina mama anajua migongano hiyo ipo.

Ameandika nini kingine?

Mbali na yaliyotajwa, makala zake za 1986 na 1990 juu ya mbinu za masimulizi ya maisha ya wanawake bado zinasomwa na wanafunzi wa historia katika nchi nyingi. Pia alihariri, pamoja na Jean Allman na Nakanyike Musisi, mwanahistoria kutoka Uganda, mkusanyiko wa tafiti juu ya wanawake katika historia za Afrika ya kikoloni. Ulitoka mwaka 2002, yeye akiwa amekwisha kufariki.

Nataka kumhoji bibi yangu kwa njia yake. Nifanyeje?

Usimwendee na orodha ya maswali 50. Mwombe ruhusa kwanza, mweleze utayafanyia nini maneno yake, na ukubali akisema jambo fulani lisitoke nje. Kaa naye anapokuwa anafanya kazi ya mikono, kuchambua mchele au kusuka ukili, kwa sababu macho yakiwa kwenye kazi ulimi huwa mwepesi. Anzia utotoni. Muulize majina: kungwi wake, mwenyekiti wa kikundi chake cha ngoma, mwenye nyumba waliyopanga. Majina hufungua mengine. Akiimba, mwache aimbe hadi mwisho, usimkatize ili akufafanulie. Rudi tena siku nyingine, kwa sababu siku ya kwanza huwa ni salamu tu.

Simu yako inatosha kurekodi. Taja mwanzoni mwa kila rekodi jina lake, mahali na tarehe, na weka nakala mbili sehemu tofauti. Ukishaandika, msomee. Kama kuna mahali atasema "sivyo", andika alichosema na pia ulichokuwa umeelewa.

Nianze kusoma wapi?

*TANU Women* kilichapishwa na Heinemann, na hapa nyumbani Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ni mmoja wa wachapishaji wake, kwa hiyo kiulizie pia katika maktaba za vyuo vyetu. Kiko katika Kiingereza. Utangulizi una nadharia nyingi na umewakatisha tamaa wasomaji wengi ninaowafahamu. Uruke kwanza. Fungua pale anapoanza kuzungumza Bibi Titi, soma hadi mwisho wa simulizi lake, kisha nenda kwenye sura za Moshi na Mwanza, na utangulizi uusome mwisho.